Kimea cha Bibi

Mama aliponiuliza tasnifu yangu ya uzamili inahusu nini, nilimdanganya. Nilimwambia naandika kuhusu biashara ya nafaka Dar es Salaam baada ya Uhuru. Haukuwa uongo mzima, maana ulezi na mahindi ni nafaka, na biashara ni biashara. Lakini neno lililokuwamo kwenye pendekezo langu, lile ambalo msimamizi alilipigia mstari na kuandika pembeni "fafanua", lilikuwa pombe. Na nyumbani kwetu neno hilo halitajwi.

Mama ameokoka tangu 1999. Hana ugomvi na watu wanaokunywa, anawasalimia na kuwaombea, ila kileo hakivuki kizingiti chake. Nilikua nikiamini kwamba Bibi, mama yake mzazi, alimsomesha kwa kuuza vitumbua. Nilikuwa kidato cha tatu niliposikia habari nyingine. Tulikuwa kwenye msiba Tandika, na mzee mmoja aliyekaa kwenye mkeka karibu na sisi akamwambia mama: "Mwanangu, komoni ya mama yako ilikuwa haina mfano mtaa huu mzima." Mama aliinuka, akaenda uani kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Miaka kumi baadaye nilikwenda Mbagala, anakoishi Bibi sasa na mama mdogo, nikiwa na daftari na kinasa sauti cha simu.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekuja kunihoji kama karani wa sensa?"

Nikamweleza ninachotafuta. Nilitaka anieleze alipikaje, aliuza wapi, alitozwa nini, nani walimnunulia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo msimamizi wangu hakuwa ameliuliza: "Sasa utaandikaje habari ya kitu hujawahi kukipika?"

*

Kwa hiyo tulianza na ulezi. Bibi alinituma dukani kununua kilo mbili, akausambaza kwenye ungo na kuuchagua, huku akilalamika kwamba ulezi wa siku hizi una mchanga mwingi. Ukalowekwa mchana mmoja na usiku wake. Kesho yake tukaumwaga kwenye salfeti, tukaufunika kwa salfeti nyingine yenye unyevu, na kwa siku tatu kazi yangu ikawa kuunyunyizia maji asubuhi na jioni na kuugeuza kwa mkono usije ukapata joto na kuoza. Siku ya pili punje zilikuwa zimetoa vijimizizi vyeupe. Siku ya nne zilikuwa zimeshikana kama mkeka. Tukazichambua, tukazianika juani, na zilipokauka kabisa tukazipeleka mashine kusagwa.

Huo ndio kimea. Jambo linalotokea humo ni rahisi kulieleza, ingawa binadamu alilifanya kwa maelfu ya miaka kabla ya kujua sababu yake. Punje ya nafaka ni ghala la wanga lililofungwa. Ikilowa, mbegu huamini kwamba mvua imenyesha na wakati wa kuota umefika, hivyo hutengeneza vimeng'enya vya kuvunja wanga uwe sukari, chakula cha mche mchanga. Mpika pombe huiacha mbegu iote kiasi, kisha huikausha kabla mche haujala akiba yote. Vimeng'enya hubaki vimelala ndani ya unga. Ukivichanganya na uji wenye joto la kadiri vinaamka na kuendelea na kazi yao, na uji mzito hugeuka kuwa mwepesi na mtamu. Utamu huo ndio chachu huula na kuugeuza kileo.

Wapikaji wa Ulaya hufanya jambo hilohilo kwa shayiri. Tofauti ni kwamba wanga wa shayiri hulegea kwenye joto ambalo vimeng'enya bado vinalistahimili, kwa hiyo wanaweza kuchanganya kila kitu kwa wakati mmoja. Mahindi na mtama hayana upole huo. Wanga wake unataka moto mkali zaidi kuliko kimea kinavyoweza kuvumilia. Ndiyo maana wapikaji wa kwetu hupika uji kwanza mpaka uive, wauache upoe, ndipo watie kimea. Bibi hakuhitaji kuambiwa habari za vimeng'enya. Yeye huchovya kidole kwenye uji na kuhesabu. Akiweza kufika tatu bila kukichomoa, wakati umefika.

*

Maelezo ya zamani ya upishi huu ninayoyafahamu vizuri yaliandikwa na mtu ambaye hakutupenda. Richard Burton alipita bara la Tanganyika ya leo kati ya 1857 na 1859 akitafuta chanzo cha Naili, na kitabu chake kikachapishwa London mwaka 1860. Kina kurasa nyingi za dharau. Lakini alikuwa na jicho, na alipofika kwenye pombe aliandika alichokiona: nusu ya nafaka hulowekwa au kufukiwa mpaka iote, kisha hutwangwa na kuchanganywa na nusu nyingine iliyosagwa, wakati mwingine na asali kidogo. Mchanganyiko huchemshwa mara mbili au tatu kwenye vyungu vikubwa, huchujwa kwa mfuko wa ukili, huachwa uchachuke, na baada ya siku ya tatu huwa mkali kama siki.

Nilimsomea Bibi maelezo hayo kwa Kiswahili. Aliyapitisha isipokuwa neno moja. "Siku ya tatu si siki," alisema. "Siku ya tatu ndiyo yenyewe. Huyo alichelewa kunywa."

Katika jamii nyingi za bara, pombe ya wakati huo ilikuwa na wenyewe. Mwanahistoria Justin Willis, ambaye kitabu chake cha mwaka 2002 kuhusu historia ya vileo Afrika Mashariki ndicho kila mwanafunzi wa mada hii huanzia, anaonyesha jinsi pombe ilivyofungamana na madaraka ya wazee wa kiume. Wanawake walipika, lakini nani anywe, lini na akae wapi ni mambo yaliyohusu heshima na umri. Pombe ililipa nguvu kazi ya shamba, ilifunga ndoa, ilimwagwa chini kwa ajili ya waliotangulia. Ilipoanza kuuzwa kwa fedha, mwenye fedha akawa mwenye haki ya kunywa, hata kama alikuwa kijana wa juzi. Malalamiko ya wazee yakaanza hapo, na hayajaisha hadi leo.

Dar es Salaam ilizaliwa ikiwa katikati ya mambo hayo. Ulikuwa mji wa pwani, wenye Waislamu wengi, na kileo chake cha asili kilikuwa tembo la mnazi, linalogemwa na lisilopikwa. Pombe ya nafaka ilikuja na watu wa bara: wapagazi, askari, vibarua, wake zao. Wajerumani nao walileta ya kwao. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza mji ulikuwa na kiwanda cha bia cha Mjerumani aliyeitwa Schultz. Waingereza waliposhika nchi walikuta mji wenye pombe za aina zote, na sheria moja ya kimataifa mabegani. Mkataba wa Saint-Germain wa 1919 ulikuwa umepiga marufuku uuzaji wa pombe kali za biashara sehemu kubwa ya Afrika, na hati ya udhamini wa Tanganyika ya 1922, katika kifungu cha 5, iliwataka wasimamie kwa ukali uuzaji wa pombe hizo.

Pombe ya nafaka haikuwa imelengwa na mikataba hiyo. Kwa serikali ya kikoloni ilikuwa na sura mbili. Upande mmoja ilionekana chanzo cha vurugu na uzembe kazini. Upande mwingine ilikuwa mapato. Mfano ulitoka Durban, Afrika Kusini, ambako kwa sheria ya 1908 manispaa ilijipa haki ya peke yake ya kupika na kuwauzia Waafrika pombe ya mtama, na faida yake ikagharamia utawala wa Waafrika haohao. Nairobi iliiga mwanzoni mwa miaka ya 1920 kule Pumwani. Dar es Salaam nayo, kama Willis alivyoeleza katika sura yake kwenye kitabu cha historia za jiji hili kilichochapishwa 2007, ilipitia majaribio yake ya kuifanya pombe ya Mwafrika kuwa mali ya manispaa.

Maana yake kwa wanawake ilikuwa hii: upishi uleule ambao kijijini ulikuwa wajibu wa mke, mjini ulihitaji kibali, mahali palipopangwa na ada. Aliyeupika nje ya hapo alikuwa mhalifu. Katika majalada niliyosoma, wapika pombe huonekana siku wanapokosea. Siku walizopika vizuri, wakauza, wakalipa kodi ya chumba na kulala, hazikuandikwa na mtu.

Wakati huohuo bia ya chupa ilikuwa ikipanda ngazi. Tanganyika Breweries ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1933 na muda si mrefu ikaunganishwa na ndugu yake wa Kenya. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Mwafrika mwenye mshahara akawa mteja wa kutafutwa. Kunywa chupa ikawa dalili ya kwamba mtu ana kazi, amesoma, ameendelea. Pombe ya pipa ikabaki na jina ililonalo mpaka sasa, "ya kienyeji", neno ambalo maana yake ni "ya wenyeji" lakini sauti yake ni ya kushusha.

*

Bibi alifika Dar es Salaam mwaka 1964, mwaka wa Muungano, akitokea upande wa Songea. Babu alikuwa amewahi kuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge Morogoro, na bei ya mkonge ilipoanza kuanguka akaja bandarini kubeba mizigo. Walipanga chumba kimoja Tandika. Bibi alianza kupika komoni kwa ajili ya watu wa kwao, vibarua wa kusini waliokuwa wakipiga hodi Jumapili kuuliza kama "kuna cha nyumbani".

Utaratibu wake ulikuwa wa wiki nzima. Jumapili alilowesha ulezi. Jumatano, wakati ulezi unaota, alichachusha unga wa mahindi na pumba kwenye ndoo. Ijumaa aliukaanga unga huo kwenye karai juu ya moto wa kuni, akiukoroga bila kupumzika mpaka ubadilike rangi na kunukia kama mkate uliokaribia kuungua. Ndipo aliupika kwa maji, akaupoza, akatia kimea, na kufunika pipa kwa khanga kuukuu. Chachu haikununuliwa; ilikaa kwenye pipa lenyewe, kwenye masalia ya wiki iliyopita. Pombe iliuzwa Jumapili baada ya misa, ikiwa bado inatoa povu. Jumatatu iliyobaki iliuzwa bei ya chini. Jumanne ilimwagwa, na machicha yalikwenda kwa jirani mwenye nguruwe.

Kuanzia 1976, Babu alipofariki, pipa hilo lilikuwa kipato pekee cha nyumba yenye watoto wanne.

Sheria zilikuwapo. Sheria ya Vileo ya 1968 ilitaka leseni ya kuuza na kuweka saa za kunywa. Gongo ilikuwa na sheria yake ya mwaka 1966 ambayo kwenye kichwa chake huiita "moshi", na hiyo haikuwa na msamaha kwa mtambo wa nyumbani. Bibi anasisitiza kwamba yeye hakuwahi kupika gongo, na ninamwamini, kwa sababu hasisitizi kwamba alikuwa na leseni. Siku moja katika miaka hiyo walikuja watu wenye virungu na pipa likapinduliwa uani. Nilimuuliza ni akina nani. "Walikuwa watoto wa watu," alisema. "Mmoja wao alikuwa mteja wangu."

Miaka ya 1980 ndiyo iliyolifanya pipa kuwa jambo la lazima. Vita vya Kagera vilikuwa vimekula akiba ya nchi, fedha za kigeni hazikuwapo, sukari na sabuni vilipangiwa foleni, na mshahara haukufikisha familia katikati ya mwezi. Mwaka 1983 ilipitishwa sheria ya nguvu kazi, na watu wasio na ajira inayotambulika walisakwa mitaani wapelekwe vijijini. Aili Mari Tripp, aliyefanya utafiti jijini mwishoni mwa muongo huo, alionyesha kwamba sehemu kubwa ya kipato cha kaya ilitoka kwenye shughuli ambazo serikali haikuzihesabu, na nyingi zilikuwa mikononi mwa wanawake: maandazi, kuku, ushonaji, pombe. Ninapoisoma hoja hiyo maktabani naona sare ya shule ya mama, sketi ya bluu, imelipiwa kwa vikombe vya komoni.

Na naona jambo jingine ambalo halimo kwenye kitabu. Mjomba wangu, mtoto wa kwanza wa Bibi, alianza kwa kulamba kata. Akiwa na miaka kumi na mbili alikuwa anakunywa kilichobaki Jumatatu. Alipofika ishirini na tano komoni haikumtosha, akahamia kwenye gongo ya mtaa wa pili. Alifariki 1998. Mama aliokoka mwaka uliofuata.

*

Mimi nimepanga chumba Mwananyamala, Kinondoni. Jioni moja rafiki yangu wa darasani alinikaribisha kwenye baa ya jirani kusherehekea kumaliza mitihani, akaagiza bia nyeusi. Nilionja kwa mara ya kwanza maishani. Ladha ilikuwa ya mkate uliokaribia kuungua.

Nilibaki nimeshika glasi. Sikuwa nimewahi kunywa pombe ya Bibi, maana alipoacha kupika nilikuwa sijazaliwa, lakini nilikuwa nimemsikia akielezea karai lile mara tatu.

Bia nyeusi, ambayo Waingereza huiita stout, ilitokana na bia ya wachukuzi wa London ya karne ya 18. Jina la bia hiyo mama, porter, lenyewe maana yake ni mchukuzi. Walikuwa watu wa kazi ya Babu. Mwanzoni rangi yake ilitoka kwenye kimea kilichokaushwa kwa moto mpaka kikawa kahawia. Baadaye wapikaji waligundua kwamba kimea cheupe kinatoa sukari nyingi zaidi kwa bei ileile, tatizo likawa rangi. Mwaka 1817 Mwingereza Daniel Wheeler alipata hataza ya mashine ya kukaangia kimea, mfano wa ile ya kukaangia kahawa, na toka hapo ikawezekana kupika bia kwa kimea cheupe na kuitia weusi kwa kiasi kidogo cha kimea kilichochomwa hasa. Nyumba ya Guinness ya Dublin, iliyoanzishwa 1759, iliibeba bia hiyo duniani kote. Huko Nigeria, ambako Guinness ilijenga kiwanda mwanzoni mwa miaka ya 1960, serikali ilipozuia kuingiza kimea cha shayiri mwaka 1988, viwanda vya bia viligeukia mtama na mahindi. Bia nyeusi ya Mwairishi ikawa inapikwa kwa nafaka ya Mwafrika, na wanywaji wakaendelea kunywa.

Upande wa pili, pombe yetu nayo ilikwenda kiwandani. Chibuku ilianzia ukanda wa shaba wa Zambia katika miaka ya 1950, na husimuliwa kwamba jina lake lilitokana na kitabu ambamo mpikaji aliandika maoni ya wateja. Ilifika Dar es Salaam, ikapikwa Ubungo. Mahindi na kimea cha mtama vikaingizwa kwenye boksi lenye chapa, na kilichokuwa kosa uani kwa Bibi kikawa bidhaa halali yenye nembo. Tanzania Breweries, iliyokuwa imechukuliwa na serikali, ikauzwa kwa kampuni ya Afrika Kusini mwaka 1993. Kila kitu kilipata mwekezaji isipokuwa wanawake waliokuwa wanajua kazi.

Usiku ule niliamua kupika bia nyeusi chumbani kwangu, kwa nafaka tupu, kwa mkono wa Bibi. Nilijiambia ni sehemu ya utafiti.

*

Mara ya kwanza niliharibu. Nilipika uji wa kilo moja na nusu ya unga wa mahindi, nikatia kimea ungali unatokota kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuwahi kipindi. Niliporudi jioni nilikuta ugali mlaini usio na utamu wowote. Nilimpigia Bibi.

"Umekiua kimea," alisema, kwa sauti ya mtu anayepokea habari za msiba wa mbali. "Moto ni wa unga. Kimea hakitaki moto, kinataka joto."

Mara ya pili ilikuwa Jumamosi, na sikuwa na kipindi. Nilikaanga nusu kilo ya mtama kwenye karai juu ya jiko la mkaa, mlangoni, mpaka ukawa na rangi ya kahawa na moshi wake ukawakohoza wapangaji wenzangu. Nikautwanga. Nikapika uji wa mahindi, nikautia mtama mweusi, nikangoja. Nilichovya kidole. Moja, nikakichomoa. Nikangoja tena. Moja, mbili. Nikangoja. Moja, mbili, tatu. Nikatia kilo moja ya kimea cha ulezi, nikakoroga, nikaifunga sufuria kwa blanketi.

Baada ya saa moja nilifunua. Uji uliokuwa unasimamisha mwiko ulikuwa umelegea kama maji ya nazi, mweusi, na harufu yake ilikuwa tamu kiasi kwamba nilicheka peke yangu. Nilikuwa nimeinama juu ya sufuria nikichuja kwa kitambaa niliposikia hodi, na kabla sijaitika mama alikuwa ameshaingia.

Alikuwa amekuja kuniletea samaki. Alisimama na mfuko wake mkononi. Hakuuliza chochote. Mtu aliyekua na harufu ile haulizi.

"Bado haijachacha," nilisema. Ndilo jambo pekee lililonijia. "Sasa hivi ni togwa tu."

Ilikuwa kweli. Mpaka saa ile kilichokuwa kwenye ndoo hakikuwa na kileo hata tone. Togwa mama anakunywa, na kanisani kwake huinywa kwenye harusi. Kimea ni kilekile, uji ni uleule. Kinachotenganisha ni siku na chachu. Aliweka samaki chini, akachukua kikombe kwenye kabati langu, akachota, akanusa, akaonja.

"Kimea hiki umekianika kivulini," alisema.

Nilikuwa nimekianika ndani, karibu na dirisha, nikiogopa maswali ya mwenye nyumba.

Akakaa kitandani, na ndipo aliponisimulia. Kugeuza ulezi kila asubuhi kabla ya shule ilikuwa kazi yake tangu darasa la tatu. Alikuwa anajua kwa mkono ulezi uliopata joto. Usiku alilala kwenye chumba kilekile lilimokuwa pipa, na shuleni watoto walimwita jina ambalo hakutaka kulirudia mbele yangu. Alishika nafasi ya kwanza darasani miaka mitatu mfululizo na bado lilikuwa jina lake. Ada ya sekondari Bibi aliihesabu mezani kwa sarafu, zikiwa na unyevu.

"Kwa hiyo tasnifu yako ndiyo hii," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Utaandika kwamba pombe ilitusomesha."

"Ilikusomesha."

"Na kaka yangu je? Pipa ni lilelile. Mimi lilinipeleka shule na yeye likampeleka kaburini, na mama yetu ni mmoja, na alitupenda sawasawa. Hilo utaliandikaje?"

Sikuwa na jibu. Nina sura nzima kuhusu uchumi wa kaya na sura nyingine kuhusu udhibiti wa manispaa. Nimesoma wanaosema wapika pombe walikuwa wajasiriamali waliopinga ukoloni kwa sufuria zao, na nimesoma ripoti za wenye afya na maadili zinazowaona kama chanzo cha maangamizi. Kila upande una ushahidi. Mama alikuwa amekaa kitandani kwangu na ushahidi wa pande zote mbili, na alikuwa ameubeba peke yake tangu akiwa msichana.

Alikunywa kikombe cha pili. Kisha akamimina lita mbili kwenye chupa ya maji, akaifunga vizuri. "Hii nitainywa leo," alisema. "Hiyo nyingine ni yako na Bibi yako." Mlangoni alisimama. "Kama utaandika, usiandike jina langu."

*

Iliyobaki niliitia hamira, maana sikuwa na pipa lenye masalia ya wiki iliyopita. Siku ya tatu niliibeba kwenye daladala mpaka Mbagala, ndoo katikati ya miguu, kifuniko kikipumua kila tulipopita kwenye matuta.

Bibi alionja kwa kata. Alikaa nayo mdomoni kwa muda.

"Mtama umeuunguza," alisema.

"Ndivyo inavyotakiwa, Bibi. Ni bia nyeusi. Wazungu wanaichoma makusudi."

"Wamejifunza kwa nani?" akauliza, na sikumjibu, kwa sababu najua kwamba hawakujifunza kwetu, wala sisi hatukujifunza kwao. Mwenye moto na nafaka, popote alipo, siku moja huunguza kidogo, huonja, na huamua kutokumwaga.

Alinywa kikombe kimoja, akanirudishia kata. Nilimwambia mama alipita kwangu, alionja ikiwa togwa, na alijua kimea kilikaukia wapi. Bibi aliangalia uani kwa kitambo kirefu. Kisha akauliza kama mama alisema ni tamu.

Nikakumbuka kwamba hakusema. Lakini alikunywa vikombe viwili, nikamweleza Bibi hivyo, naye akatikisa kichwa polepole kama mtu aliyelipwa deni la zamani kwa fedha kidogo kidogo.

Tasnifu itakwenda kwa msimamizi mwezi ujao. Mjomba amepata ukurasa wake katika sura ya tatu, bila jina. La mama nalo halimo, kama alivyoagiza. Bibi alitaka lake liandikwe kwa herufi kubwa, mbele kabisa. Nimemwahidi kwamba litaandikwa mama akikubali, na kila Jumapili mama akimpigia simu kumsalimia, Bibi humuuliza kama ameshakubali.